Mlango wa Dereva

Mara ya kwanza alipofika Doha, yule Mwingereza alifungua mlango wangu badala ya wake. Nilikuwa nimesimama upande wa kulia wa gari, mkono kwenye mlango wa nyuma, kama kampuni ilivyotufunza. Akapita mbele ya boneti na koti lake begani, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akainama aingie, akakutana na usukani. Alibaki ameinama vile kwa muda, kama mtu aliyefungua choo akakuta kuna mwenyewe.

"Samahani," alisema. "Kwetu dereva hukaa upande ule mwingine."

"Hata kwetu," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule.

Kosa hilo lina wenyewe. Mmisri halifanyi, Mfilipino halifanyi. Hulifanya Mkenya, Mganda, Mhindi, Mpakistani: watu waliofundishwa barabara na Waingereza, wakaambiwa wapite kushoto. Wiki yangu ya kwanza Qatar niliingia garini kwa mlango wa kulia, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono nishike usukani, nikashika hewa. Wenzangu walinicheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kuna nini. Lakini sikuwa nimewahi kumwona mwalimu mwenyewe akikosea. Tulicheka wote wawili, akazunguka gari, na badala ya kukaa nyuma akakaa mbele, kando yangu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Alikuwa mbunge wa kawaida katika ujumbe wa wabunge waliokuja kutembezwa. Njia nzima aliniuliza maswali: nyumbani ni wapi, chumbani tunalala wangapi, chakula anapika nani. Jibu nikimpa, alilishika na kuniuliza swali jingine juu yake. Nilipomwambia mke wangu anafuga kuku, alitaka kujua wa mayai au wa nyama.

Miaka ikapita, akarudi akiwa waziri mdogo. Safari hii alikaa nyuma, makaratasi yakiwa magotini, na msaidizi wake akakaa mbele. Alinitazama kwenye kioo akasema, "Kenya, sivyo?" Nikasema ndiyo, akarudi kwenye makaratasi. Baadaye nikasoma kwamba amepandishwa, sasa ni waziri kamili. Nilimfuata kwenye habari kama watu wanavyofuata timu ya mpira. Chumbani kwetu Industrial Area, mtaa wa wafanyakazi pembezoni mwa Doha, wenzangu walishazoea.

"Mheshimiwa wako leo amepigiwa kelele bungeni," mmoja angesema akiwa juu ya kitanda.

"Atasimama tu," ningejibu, kana kwamba mimi ndiye niliyempigia kura.

Alipokuja mara ya tatu, miaka ya elfu mbili na kumi imeshaanza, alikaa nyuma kulia, kiti cha wakubwa, na salamu yake ilikuwa ya kidevu. Sikumlaumu. Kila cheo kilimsogeza kiti kimoja mbali na dereva, na baada ya kile hapakuwa na kiti kingine ila kile cha ndege.

Wiki hiyohiyo mwenzangu wa kitanda cha chini alikuwa hali wala halali.

Alikuwa dereva kama mimi, mtu wa Bungoma, kanizidi umri, nikimwita mkubwa na yeye akiniita kijana. Mama yake alikuwa amelazwa Eldoret, moyo. Madaktari walikuwa tayari kumpasua, tena walitaka haraka, ila bibi kizee alikataa. Dada mtu alipiga simu tukiwa tunakula, akawekwa kwenye spika, tukasikia sote.

"Mama amesema kisu hakimgusi kabla hajamwona mtoto wake. Amesema akifa usingizini mikononi mwa madaktari bila kukuona, atakuwa ameenda kama mgeni. Wewe njoo tu. Daktari anasema wiki hii haiwezi kuisha kabla hajapasuliwa."

Pasipoti alikuwa nayo. Begi lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Alichokosa ni khuruji, ruhusa ya kutoka nchini, ambayo wakati huo hukuweza kuipata bila mwajiri wako kukubali. Ukifika uwanja wa ndege bila hiyo, dirisha la pasipoti linakurudisha. Meneja wetu, tuliyemwita mudir kama wanavyosema Waarabu, alikuwa amemwambia angoje msimu wa wageni uishe.

"Mwezi ujao, inshallah," alimwambia. "Mwenzenu mmoja alikwenda kuzika akasahau kurudi. Mama zenu wote huumwa wakati wa kazi nyingi."

Jioni ile mkubwa alinishika mkono nje ya chumba, penye kamba za nguo.

"Kijana, si wewe ndiye unambeba waziri?"

"Ndiyo mimi."

"Basi mwambie. Aseme neno moja tu kwa huyu mudir. Moja! Waziri ni waziri."

"Mkubwa, hawa si kama wetu."

"Wetu akishuka garini pale kwetu Kanduyi akasema hiyo barabara ilimwe, kesho si tingatinga limefika?"

"Linafika, halafu linaondoka na yeye."

"Lakini linafika," akasema. Hakucheka. "Mimi sitaki barabara. Nataka kufika tu."

Nilijua ninachoombwa. Kwetu kazini dereva hazungumzi na mgeni ila mgeni akianza. Kuna mwenzetu aliyemwomba mgeni amtafutie kazi nyingine, na haikuchukua muda kitanda chake kikawa kitupu, godoro limesimamishwa ukutani. Hata hivyo nilimwambia nitajaribu.

Nilijaribu siku ya kwanza. Kila nilipoinua macho kwenye kioo nilikuta paji la uso wake na simu. Niliandaa sentensi kwa Kiingereza, nikaipunguza, nikaipunguza tena, tukafika hotelini kwake West Bay sijaisema. Jioni mkubwa alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Umesema?"

"Bado."

Siku ya pili vilevile. Hakuniuliza kwa mdomo, aliinua nyusi tu, nami nikatikisa kichwa. Akavua viatu kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda kando ya begi. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ya waziri, na mkubwa alishakata shauri kwamba atakwenda uwanja wa ndege mchana, khuruji iwepo isiwepo. Akirudishwa, arudishwe. Nilimwona akilipiga pasi shati lake jeupe, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu akirudishwa dirishani amevaa vile, sijui angerudi chumbani akiwa mtu gani.

Asubuhi ya mwisho nilimtoa waziri kwenye mkutano wa wafanyabiashara, tukawa tunarudi hotelini kwa barabara ya Corniche. Msaidizi alikuwa mbele. Simu yake ikalia, akasikiliza kidogo, akageuka na kuinyoosha nyuma kwa mikono miwili.

"Ni Waziri Mkuu."

Kwenye kioo nikaona paji la uso likiinuka. Alisikiliza. Alisema "naelewa" na baadaye "naelewa" tena. Mwisho akasema, "Asante, Waziri Mkuu, ilikuwa heshima," na sauti yake ilikuwa safi kabisa, kama ya mtu anayesoma tangazo la kituo cha treni. Akairudisha simu.

"Inatangazwa lini?" msaidizi aliuliza.

"Sasa hivi. Saa hii wanaita mmoja mmoja."

Nikajua. Mtu aliyekulia Kenya haelezwi baraza la mawaziri likipanguliwa. Tumesikiliza taarifa za mchana utoto wetu wote, watu wazima wamesimama karibu na redio na vikombe mikononi, na waziri mwenyewe akisikia jina lake pamoja na sisi.

"Simama mahali popote," akaniambia.

Nikasimama. Akatoka, akavuka njia ya waendao kwa miguu, akaenda kusimama ukingoni mwa bahari, jua la saa tano likimpiga kichwani, suti yote imefungwa vifungo. Msaidizi alibaki garini na simu zake mbili. Mimi nilishuka, nikaenda mahali pangu, mlango wa nyuma kulia, nikangoja.

Alirudi akitazama chini. Akapita mbele ya boneti. Akaushika mlango wa mbele wa kushoto, akaufungua, akainama, akakuta usukani.

Sijui kwa nini nilithubutu. "Mheshimiwa," nikasema juu ya paa la gari, "huo ni wangu."

Akainua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza safari ile. "Niliwahi kufanya hivi."

"Mara ya kwanza ulipokuja. Nami wiki yangu ya kwanza."

"Wewe ndiye wa kuku," akasema. "Wa mayai."

Alimgongea msaidizi kioo, akamwomba ahamie nyuma, akakaa mbele kando yangu. Tukaondoka. Ubaridi wa gari ulikuwa unavuma, yeye akawa anasogeza vile vifuniko vidogo vya kupitishia hewa, anavifunga, anavifungua.

"Umesikia yote, nadhani."

"Nimesikia."

"Kwenu mnaliitaje jambo kama hili?"

"Tunasema mtu amepigwa kalamu."

Nikamfafanulia kwamba ni kufutwa kazi. Akalirudia kwa Kiingereza, kupigwa na kalamu, akacheka kwa pua. "Afadhali. Sisi hupigwa na simu." Halafu, kwa mazoea ya zamani, "Na wewe? Nyumbani hawajambo?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na mbele nilikuwa naona mnara wa hoteli. Nikasema yote bila kuipunguza sentensi: mkubwa, Eldoret, mama aliyekataa kisu, khuruji, ndege ya jioni, shati jeupe. Nikasema pia kwamba meneja wetu atakuwa amesimama mlangoni mwa hoteli, kwa sababu kila asubuhi alikuja kujionyesha kwa mgeni.

Msaidizi akasogea katikati ya viti. "Hili ni jambo la ndani la kampuni. Na kwa vyovyote, sasa huwezi..."

"Najua nisichoweza," akasema yule mtu. Kisha kwangu, "Mimi si waziri tena. Nikimwambia mtu yule kwamba ni waziri, nimesema uongo."

"Hutasema," nikamjibu. "Mimi nitakuita ninavyokuita siku zote. Kwetu mwalimu akistaafu ni mwalimu. Waziri aliyepigwa kalamu tunamwita waziri mpaka siku ya kuzikwa, na kaburini wanaandika."

Akanyoosha tai yake. Nikakunja kona ya hoteli. Nilikuwa nimeshasema, na maneno hayarudi.

Mudir alikuwepo. Alikimbilia mlango wa nyuma kulia, akaufungua kwa tabasamu lake lote, akamkuta msaidizi. Tabasamu likakwama. Akaona mgeni mkubwa anatoka mbele, kando ya dereva, akanigeukia.

"Leesh?" akaninong'oneza. Kwa nini?

"Wazir ametaka," nikasema.

Neno ni lilelile kwao na kwetu. Nililisema kwa sauti, na wabeba mizigo wakalisikia.

Yule Mwingereza akamshika mudir mkono, akaushikilia. "Nimekuwa nikitaka kukuona," alisema. "Nimesikia una dereva ambaye mama yake yuko hospitalini, na kwamba unamruhusu aende leo. Nilitaka kukushukuru mwenyewe. Si mameneja wengi wangefanya hivyo msimu kama huu."

Sijapata kuona shukrani ikitumika vile. Alimshukuru mtu kwa jambo ambalo hakuwa amelifanya, mbele ya watu, na hakumwachia pa kulikatalia. Mudir akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Bila shaka, Mheshimiwa. Sisi ni familia."

"Vizuri sana. Imekwisha kukamilika?"

"Inakamilika sasa hivi." Akatoa simu, akampigia mandub, karani anayeshughulikia mambo ya serikali, akamwambia kwa Kiarabu aipitishe khuruji ya fulani. Sasa. Ndiyo, sasa hivi.

Tukaingia ukumbini, mimi nikifuata na mkoba wa mgeni, jambo ambalo halikuwa kazi yangu. Mandub alikuwa ameomba asubiriwe kidogo, mtandao ulikuwa mzito. Ukutani, juu ya kahawa na tende za kukaribishia wageni, kulikuwa na televisheni kubwa ya habari, sauti imezimwa. Nikaitazama, nikaona mlango mweusi wa Downing Street, kwa Waziri Mkuu wao, na watu wenye kamera.

Yule Mwingereza naye akauona. Hakubadilika uso. Alipiga hatua, taratibu, kama mtu anayekwepa ubaridi wa kiyoyozi, na mudir kwa adabu akageuka naye, mpaka televisheni ikawa mgongoni mwa mudir.

"Una watoto?" akamuuliza.

Mudir alikuwa nao. Alikuwa na binti anayesomea udaktari. Wa meno au wa watu? Wa watu. Chuo gani, mwaka wa ngapi, na anapika au anamwachia mama yake? Kila jibu lilishikwa na kupewa swali. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka, hotuba, kura, kelele za bungeni, na sikuwa nimejua kazi yenyewe ni ipi. Ilikuwa hii. Alimshika mtu pale aliposimama kwa maswali peke yake, na mtu akafurahi kushikwa. Nyuma ya kichwa cha mudir picha zilianza kupita, nyuso za walioingia, nyuso za waliotoka. Mfanyakazi wa mapokezi aliinua macho kwenye televisheni, kisha akamtazama mgeni wetu, kisha tena televisheni. Nilimkazia macho akatazama kompyuta yake.

Simu ya mudir ikalia. Akasikiliza. "Tamam," akasema. Na kwa mgeni, "Imepita."

"Wewe ni mtu mwema," yule Mwingereza akamwambia, na nadhani alimaanisha. Akaenda kwenye lifti. Msaidizi alimfuata mbio.

Mudir akageuka kuchukua kahawa, akaiona picha ya mgeni wetu kwenye televisheni. Ilikuwa kubwa, ya zamani kidogo, nywele zikiwa nyeusi zaidi. Chini yake maneno yalikuwa yanatembea. Aliyasoma mpaka mwisho, akangoja yarudi, akayasoma tena.

"Wazir?" akaniuliza.

"Wazir," nikasema.

Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Alichopitisha angeweza kukifuta kwa maneno mawili, na mkubwa alikuwa bado Industrial Area anatafuta teksi. Akanisogelea.

"Mama ni mgonjwa kweli?"

"Kweli, mudir."

"Atarudi huyu?"

Ingefaa kusema ndiyo. "Hilo sijui," nikasema.

Alitia simu mfukoni, akachukua kahawa yake, akaenda kukaa mbali na televisheni. Angeifuta khuruji baadaye? Sikujua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Nilimtumia mkubwa ujumbe aondoke, asinywe hata maji.

Alasiri nikampeleka yule mtu uwanja wa ndege. Alikaa mbele tena. Simu yangu nilikuwa nimeiweka juu ya dashibodi, kinyume cha kanuni, na wote wawili tulikuwa tunaitazama. Taa baada ya taa, ilikaa kimya. Aliniuliza ndege ya mwenzangu inaondoka lini, nikamwambia, akatazama saa yake.

Tulipokuwa tumeshauona uwanja, ikawaka. Nilikuwa nakata kona, mikono yote kwenye usukani.

"Nisomee, Mheshimiwa, tafadhali."

Akaichukua, akaisogeza mbali na macho. "Ni... me... pi... ta." Aliisoma vizuri kuliko nilivyotegemea. "Maana yake nini?"

"Amevuka dirisha la pasipoti."

Akairudisha simu mahali pake. Akashusha kioo, joto likaingia lote, akalala nyuma kwenye kiti kama mtu aliyetoka kukimbia.

Mama alipasuliwa. Mtoto wake alimshika mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na alipoamka alikuwa palepale. Mkubwa hakurudi Doha, mudir alikuwa sahihi. Nami niliondolewa kwenye magari ya wageni, nikawa naendesha basi la kuwapeleka watu wa ujenzi, mpaka mkataba wangu ukaisha. Basi lilikuwa na kiti kimoja tu cha mbele, changu.

Miezi kadhaa baadaye mkubwa alinipigia simu Jumapili, nyuma yake watu wanaimba.

"Kijana, mama anataka kumwombea waziri hapa kanisani. Mchungaji anauliza, ni waziri wa nini?"

"Mwambie kwa sasa hana wizara."

Nikasikia akimwambia mtu, na yule mtu akimwambia mwingine, halafu sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa na simu, bado nyembamba.

"Mwambie hilo si neno. Sisi tutamtaja hivyohivyo, Waziri."

Kisha mama akasimama, nadhani, maana sauti ilikwenda mbali, na nikawasikia wakimtaja.